SOMO: SANDUKU LA DROO KATIKA GARI LA KIKUNDI



Somo letu la leo ni la useremala, lakini mtaona kwamba linagusa pia mambo ya kuaminiana. Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mara nyingi ni Land Rover au Land Cruiser kuukuu iliyotoka kwa parokia, kwa hospitali ya misheni au kwa mradi uliokwisha. Gari linakuja likiwa na viti viwili virefu vya pembeni na sakafu ya bati, basi. Wiki ya kwanza kila mtu analipakia kwa adabu. Ngoja miezi mitatu, kisha fungua ule mlango wa nyuma. Utakuta jerikeni, jeki, jembe lenye udongo, blanketi, sufuria za mazishi ya juzi, na chini kabisa, katoni ya dawa iliyolowa.

Kikundi kimoja cha wahudumu wa wagonjwa huku Dandora kilikuwa na gari la namna hiyo. Kazi ya kuwatembelea wagonjwa nyumbani ina mizizi mirefu upande huu wetu wa jiji. Mpango wa Kanisa wa kuwahudumia wenye ukimwi katika dekania ya mashariki ya Jimbo Kuu la Nairobi ulianza mwaka 1993, na wahudumu wa kujitolea wamekuwa wakipita mitaani na mifuko yao tangu siku zile. Kikundi ninachosema walifurahi mno walipopata gari. Siku moja ile mashine ya kupima presha ikapotea. Ilikuwa moja tu, na ilinunuliwa kwa michango ya wanachama. Mama mmoja ndiye aliyeitumia mwisho. Hakuna aliyemwambia "umeiba", la, lakini mkutanoni watu walinyamaza kila alipoingia, na mnajua kunyamaza kwetu. Akaacha kuja. Baada ya miezi miwili gari lilipata pancha, wakafunua kila kitu ili wapate jeki, na mashine ilikuwa pale, chini ya kiti, imebanwa kati ya turubai na ukuta wa gari. Mashine ilifanya kazi bado. Yule mama hakurudi.

Ndiyo sababu nasema kwamba gari lisilo na mahali pa kila kitu linaweza kuvunja kikundi. Huko Australia na Afrika Kusini wakulima na wasafiri wa nyikani huweka droo nyuma ya magari yao, nao wanaweza kuzinunua tayari dukani, za chuma, zenye magurudumu madogo. Bei yake si ya sisi. Lakini droo ni nini? Ni mtoto wa meza tu, aliyefungwa ndani ya sanduku, na sanduku likafungwa kwenye gari. Fundi yeyote mzuri wa mbao anaweza kuitengeneza, mkimwambia sawasawa mnachotaka.

Kwanza: gari hili ni la kazi gani?

Msianze na fundi. Anzeni na mkutano. Mnamkumbuka yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, sura ya 14, anayepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama? Hesabu ya kwanza hapa ni ya nafasi, pesa baadaye. Sanduku la droo linakula nafasi ya watu. Ukiweka sanduku kubwa sakafu nzima, umepata droo mbili au tatu za kupendeza, na umepoteza viti vyote vya nyuma. Usiku wa manane mama mjamzito akishikwa na uchungu, mtamketisha wapi?

Wako watakaosema, "Tutaketi juu ya sanduku." Hapana. Juu ya sanduku hakuna mkanda wa kiti, na kichwa kinakaribia paa. Tangu Februari 2004, zile kanuni tulizoziita za Michuki zilipoanza kutumika, hata abiria wa matatu amejua maana ya mkanda. Kikundi cha Kanisa hakiwezi kurudi nyuma kuliko matatu.

Ushauri wangu ni sanduku la nusu. Ondoeni kiti kimoja kirefu, cha upande mmoja, na sanduku likae hapo. Kiti cha upande wa pili kibaki na mikanda yake. Juu ya sanduku pawe bapa, pawekwe godoro jembamba, ili siku ya dharura mgonjwa alale badala ya kukunjwa sakafuni. Mikanda miwili ya kumshikilia ifungwe kwenye sakafu ya gari yenyewe, kamwe isifungwe kwenye mbao. Kwa kuwa kuondoa kiti ni kubadilisha gari, mweka hazina aulize kwanza kampuni ya bima na ile mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Kuuliza ni bure. Bima iliyokataa kulipa baada ya ajali si bure.

Andikeni pia orodha ya vitu vinavyosafiri kila mara, na kando yake uzito. Msikadirie, nendeni kwa mwenye duka la mahindi mpime kwa mizani yake. Watu hushangaa sana hapa. Kikundi hudhani kina "vitu vidogo vidogo", kumbe ni kilo 90.

Kupima

Magari haya hayako sawa, hata yakiwa ya jina moja. Kuta za nyuma huinama kidogo kuelekea ndani, na pembeni kuna zile nundu zinazofunika magurudumu. Kwa hiyo pimeni upana mara mbili: chini sakafuni, na tena pale juu ambapo sanduku litaishia. Kipimo kidogo ndicho cha kufuata. Pimeni na mlango wa nyuma, maana sanduku linaweza kutosha ndani lakini lisipite mlangoni. Hilo nimeliona kwa macho, na fundi akalazimika kulikata vipande viwili.

Kisha fanyeni jambo ambalo mafundi watalicheka: tengenezeni sanduku la karatasi. Ombeni katoni kubwa kwa wenye maduka, zikateni, zigundisheni kwa selotepu kwa vipimo vile vile, muiweke garini. Fungeni mlango. Mtu mmoja aketi kwenye kiti kilichobaki, magoti yake yanaenda wapi? Mwingine alale juu. Vuteni "droo" ya katoni mkiwa mmesimama nyuma ya gari, mwone kama inagonga mlango au gurudumu la akiba. Jioni moja tu ya kazi hii, na watoto watawasaidia kwa furaha.

Kwa mfano wetu tuseme mmepata sanduku la urefu wa sentimita 180, upana 55 na kimo 35. Nyuma, upande wa mlango, kutakuwa na droo moja ya urefu wa sentimita 100. Sehemu ya mbele, iliyo karibu na dereva, hakuna droo: hapo pana shimo lenye mfuniko wa bawaba juu, karibu sentimita 75, la kuweka vitu visivyotakiwa kila siku. Kwa nini tusifanye droo moja ndefu ya mita moja na nusu? Kwa sababu droo ndefu ikijaa hamwezi kuivuta, na ikivutwa yote inainama na kuvunja mdomo wa sanduku.

Mbao

Shiti ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Sanduku letu pamoja na droo yake vinatosha katika shiti mbili, mkikata hivi: katika ya kwanza toeni kitako na kifuniko cha sanduku, vipande viwili vya 180 kwa 55 vikilala ubavu kwa ubavu, na katika mkia uliobaki toeni ukuta wa mbele, ukuta wa kugawa, na uso mmoja wa droo. Katika ya pili toeni kuta mbili ndefu za 180 kwa 35. Ukanda uliobaki kando yake unatoa kitako cha droo na uso wake wa pili, na mkia wa shiti unatoa mbavu mbili za droo, kila mmoja 100 kwa 27. Chorani kwanza kwa penseli juu ya mbao, mkihesabu na unene wa msumeno. Fundi akiwaambia zinahitajika shiti tatu, mwombeni awachoree ya tatu inakwenda wapi.

Unene wa milimita 12 unatosha. Wengine hupenda wa 18 kwa kuwa unaonekana imara. Lakini pimeni: kwa 12, mbao zote zitakuwa na uzito wa kilo 35 hivi, kwa 18 zitapita kilo 50. Hizo kilo 15 na zaidi mtazinunulia mafuta kila siku ya maisha ya gari. Nguvu itokane na mifito ya mbao ya inchi 2 kwa 1 iliyolazwa chini ya kifuniko, kila baada ya sentimita 40 hivi. Chipubodi msiiguse, hata muuzaji akiapa. Ikinyeshewa mara moja inavimba kama mkate, na barabara mbovu inaifanya iteme skrubu.

Plaiwudi nayo kuna plaiwudi na plaiwudi. Ile ya kupigia dari imeunganishwa kwa gundi isiyovumilia maji. Ombeni kipande kidogo, mkichemshe kwenye sufuria saa mbili tatu. Kikifunuka kama kurasa za kitabu, mshukuruni muuzaji na mwende duka jingine. Bebeni rula pia, kwa sababu ya "12" wakati mwingine ukipima unapata 9 na kitu.

Fundi

Ninyi mlioko Machakos, Murang'a na kwingine si lazima mje Nairobi, fundi wa sokoni kwenu aweza. Lakini mkija, Eastlands ndiko nyumbani kwa kazi hizi. Mbao ni Gikomba, bati ni Kamukunji, kuchomelea ni Kariobangi Light Industries na kando ya barabara karibu kila mtaa. Zamani kazi hizi zilidharauliwa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya Kenya ndiyo iliyowafungua wakubwa macho kwamba huu ni uchumi wa kweli wenye watu wanaojua kazi. Mwaka 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakigonga bati juani, na vibanda vikafuata. Jina la jua kali halikutoka.

Fundi wa jua kali hana mtaji, hilo mlielewe. Pesa za kuanzia mnazompa Jumatatu ndizo anazomalizia kazi ya mteja wa Ijumaa. Ndiyo sababu ugomvi mwingi huanzia hapo, wala si lazima fundi awe mwizi. Nilikuwapo siku mweka hazina mmoja alipokuwa akielewana na fundi wake.

"Mama, wewe niachie pesa tu, Alhamisi nakupa kitu safi."

"Fundi, pesa yako ya mkono iko. Mbao tutanunua sisi wawili, mimi na wewe, sasa hivi."

"Hunitumaini?"

"Nakutumaini. Ni kikundi kinachotaka risiti."

Fundi akacheka, wakaenda. Hakumvunjia heshima, na risiti zilibaki kwenye kitabu. Fanyeni hivyo. Pesa ya mkono igawanywe mara tatu: sehemu anapoanza kukata, sehemu sanduku likikamilika, na sehemu ya mwisho baada ya gari kwenda safari moja ya barabara mbaya na kurudi. Haya yaandikwe karatasi moja, yatiwe sahihi na wote wawili, pamoja na vipimo.

Kufunga: hapa msilegee

Sasa nawaomba msome polepole. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo ndani husukumwa mbele kwa nguvu inayofika mara 20 ya uzito wake. Jerikeni ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na wakati ule itasukuma kama kilo 400. Droo yetu ikiwa na kilo 40 za vitu na kilo 10 za mbao zake, itasukuma kama tani moja. Mbele yake kuna nani? Dereva na wanakikundi. Sanduku lililofungwa kwa misumari miwili ni hatari kuliko kutokuwa na sanduku, kwa kuwa vitu vyote sasa vimekuwa jiwe moja.

Kwa hiyo ukuta wa kugawa, ule ulio mbele ya droo, uegemezwe chuma cha pembe, kile mafundi wanachoita anglaini. Kipite upana wote wa sanduku, na miguu yake ishuke mpaka sakafu ya gari. Sanduku zima lishikwe na bolti zisizopungua nne, za milimita 8 au zaidi, kupita mbao, anglaini na sakafu. Tumieni kwanza yale matundu ya kiti mlichoondoa, maana kiwanda kiliyaweka mahali penye nguvu. Chini ya gari kila bolti ipate bamba la chuma la ukubwa wa kiganja kabla ya nati, kwa sababu sakafu ni bati, na washa ndogo hupenya bati kama kidole katika karatasi. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, zisizofunguka kwa mtikisiko.

Mkilazimika kutoboa tundu jipya, mtu aingie chini ya gari kwanza na tochi. Kuna tangi la mafuta, bomba za breki na nyaya. Asitoboe mtu yeyote mpaka aliye chini aseme "hapa ni wazi". Na kuchomelea kufanyike nje, kabla chuma hakijaingia garini. Cheche karibu na tangi la mafuta haina mzaha, na betri nayo huharibika.

Droo isikwame

Reli zile za dukani zenye gololi ni nzuri kwa kabati la nyumbani. Katika vumbi la barabara zetu hujaa mchanga zikasaga, kisha zikakataa. Njia ya zamani ni bora: mifito miwili ya mbao ngumu iliyopigwa randa na msasa, ilale kwenye kitako cha sanduku, na droo iteleze juu yake. Ipakwe nta. Parokia haikosi vipande vya mishumaa, ombeni kwa katekista, sugueni mpaka mbao ing'ae. Kila mwezi mrudie. Grisi msitumie, inakamata vumbi na kuchafua nguo.

Ndani ya sanduku pana upana wa sentimita 52 na nusu hivi, na droo yetu ni 50. Ile nafasi ya kila upande ni ya lazima kwa sababu mbao huvimba wakati wa mvua. Fundi anayejisifu kwamba droo yake "imebana vizuri" mwezi wa Februari atarudi kuiranda mwezi wa Aprili. Kitako cha droo kikae ndani ya mbavu zake, juu ya mifito iliyogundishwa na kupigwa skrubu. Kikipigiliwa kutoka chini, siku moja kitaanguka pamoja na mzigo.

Wekeni kizuizi ili droo isitoke zaidi ya sentimita 70, zile 30 zibaki ndani zikiishikilia. Komeo liwe la chuma na la kufuli. Kumbukeni kwamba gari likipanda mlima, droo inataka kufunguka nyuma, na mlango wa gari peke yake haukutengenezwa kuizuia. Ukanda wa tyubu, ile blada ya kufungia mizigo ya baiskeli, upigiliwe pale droo inapogonga, na kelele itakwisha. Halafu vanishi au rangi, mikono miwili, na msisahau chini ya kitako ambako hakuna anayetazama. Maji ya kuosha gari huingia kwa chini.

Wale ambao mfuko hauruhusu haya yote, msikate tamaa. Nunueni masanduku mawili ya bati yale ya wanafunzi wa bweni, ya Kamukunji. Yafungeni sakafuni kwa bolti na mabamba kama nilivyoeleza, na mfungue kwa mfuniko juu. Si droo, lakini mashine ya presha haitapotea.

Vitu gani visiingie

Mtungi wa gesi usiwekwe ndani ya droo wala ndani ya sanduku. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hushuka na kutulia humo humo, ikingoja cheche. Petroli na mafuta ya taa vivyo hivyo. Tena mafuta ya taa hata tone likimwagika, harufu yake hukaa katika bandeji na unga kwa miezi.

Dawa zisilale garini. Gari lililofungwa juani huwa tanuri, na droo ni tanuri ndani ya tanuri. Chanjo ndiyo kabisa: nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na hizo husafiri katika chombo chake cha barafu kinachofungwa peke yake kwa mkanda. Dawa nyingine ziingie droo asubuhi ya safari, zitoke jioni.

Vizito vikae chini na mbele: jeki, mnyororo, vyuma viende katika lile shimo la mbele. Msipandishe uzito kwenye paa ili "kuokoa droo". Magari haya ni marefu na hupinduka kwa urahisi mzigo ukiwa juu.

Kitabu cha droo

Ndani ya droo fundi agawe vyumba kwa mbao nyembamba, kila chumba kwa kitu chake. Chini ya mfuniko bandikeni orodha: chumba cha kwanza mashine ya presha, cha pili glavu na bandeji, na kadhalika. Funguo ziwe mbili, moja kwa dereva na moja kwa katibu. Kabla ya safari wawili wanafungua, wanahesabu, wanatia sahihi katika daftari, na wakirudi wanafanya tena. Wengine wataona ni kudharauliana. Lakini daftari hilo linamlinda hasa yule aliyetumia kitu mwisho. Kitu kisipoonekana, linasema kilionekana lini na mbele ya nani, hata kabla mtu hajaanza kumtazama mwenzake.

Baada ya mwezi wa kwanza, au baada ya safari ya kwanza ya murram, fundi au dereva alale tena chini ya gari na spana akaze kila nati. Mbao mpya hujibana na bolti hulegea kidogo, hiyo ni kawaida. Tazameni pia kama bati la sakafu limepata ufa karibu na bolti. Likiwa nalo, gari lisibebe mzigo katika sanduku mpaka bamba kubwa zaidi limewekwa. Baadaye ukaguzi wa kila miezi mitatu unatosha, siku ile ile ya kubadilisha oili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Gari letu lilibeba watu wangapi na mizigo gani katika safari kumi zilizopita? Katika safari hizo, ni lini tungehitaji kile kiti ambacho tungekiondoa?

Ni kitu gani cha kikundi ambacho kwa sasa hakuna mmoja wetu anayejua kilipo? Nani alikitumia mwisho, na je, tumemwuliza yeye mwenyewe au tumeulizana sisi kwa sisi?

Nani kati yetu atashika ufunguo wa pili, na kwa muda gani kabla ya kumpa mwingine?